Tumeambiwa, Hatukuona



Wapendwa wana wa Mungu, juma hili tunapenda tutafakari pamoja jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mahakimu na mawakili, yaani ushahidi wa kuambiwa. Sababu ya kulichagua ni kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita wazee watatu wa jumuiya moja ndogondogo walifika nyumbani kwa mapadre. Walitueleza kwamba mama mtunza hazina wa jumuiya yao alikuwa akikopesha fedha za rambirambi kwa riba. Walikuwa watu wazima, wenye heshima, na kauli zao zilifanana. Nasi tukahesabu mashahidi watatu, tukamwandikia mama yule barua ya kumsimamisha. Yalipita majuma matano kabla hatujauliza swali lililopaswa kutangulia yote: ninyi wenyewe mliona nini? Mzee wa kwanza alikuwa ameambiwa na wa pili. Wa pili aliambiwa na wa tatu. Wa tatu alielezwa na mkewe, naye mkewe aliyasikia sokoni kwa mtu asiyemkumbuka. Hatukuwa na mashahidi watatu. Hatukuwa na shahidi hata mmoja. Daftari lilipokaguliwa, hesabu zote zilikuwa sawa. Tuliomba radhi mbele ya jumuiya nzima, lakini mama yule hakukubali tena kulishika daftari lile, wala hatukuwa na haki ya kumlaumu.

Sheria inalo jina la kile tulichokipokea siku ile. Ushahidi wa kuambiwa ni maneno aliyoyasema mtu asiyekuwapo mbele ya mahakama, yakaletwa na mtu mwingine ili yathibitishe kwamba yaliyosemwa ni kweli. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, iliyochukua nafasi ya ile iliyotungwa kwa ajili ya India mwaka 1872, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Likiwa ni jambo la kuonwa, aje aliyeliona. Likiwa ni la kusikiwa, aje aliyelisikia kwa masikio yake.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Aliyeona huapa, hivyo dhamiri yake hufungwa mbele ya Mungu na ya watu. Hakimu humtazama uso wake anaposema. Na zaidi ya yote, mshtakiwa hupata nafasi ya kumdodosa: ulisimama wapi, kulikuwa na mwanga gani, ulikuwa na ugomvi naye? Mletaji wa habari za kuambiwa hawezi kujibu hata moja kati ya hayo. Atasema tu, "Ndivyo nilivyoelezwa," na ukweli utaishia hapo.

Historia imeonyesha hasara yake. Mwaka 1603, huko Winchester nchini Uingereza, Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Mfalme James wa Kwanza. Ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa maelezo ya Bwana Cobham, aliyekuwa mfungwa. Raleigh aliomba sana mtu huyo aletwe, waonane uso kwa uso. Alikataliwa. Akaletwa badala yake baharia mmoja aliyesimulia kwamba akiwa Lisbon alimsikia Mreno fulani akisema mfalme atachinjwa na Raleigh na Cobham. Mreno huyo ni nani, na alijuaje? Hakuna aliyeweza kusema. Raleigh alihukumiwa kifo, na mwaka 1618 alikatwa kichwa kwa hukumu hiyohiyo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba sheria inayachukia maneno ya watu kwa jumla. Mwaka 1956 mahakama ya juu ya rufani iliyokaa London ilisikiliza shauri la mtu mmoja wa Malaya, Subramaniam, aliyehukumiwa kufa kwa kukutwa na risasi. Alijitetea kwamba waasi walimkamata na kumtisha, lakini mahakama ya kwanza ilimzuia asiyaeleze maneno ya waasi hao kwa kuwa ni ya kuambiwa. Rufani yake ikakubaliwa. Maneno yale hayakuletwa ili kuthibitisha ukweli wake, bali kuonyesha hofu waliyoiingiza moyoni mwake. Vivyo hivyo, sheria zetu hupokea maneno ya marehemu kuhusu chanzo cha kifo chake, kwa kuwa hawezi tena kuitwa, ingawa mahakama huyapima kwa uangalifu mkubwa.

Kanisa nalo halikosi fundisho juu ya hili. Kanuni ya 1572 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamwagiza hakimu apime kama shahidi anasema aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, au maoni yake, au uvumi, au aliyoyapata kwa wengine. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili walimsingizia Susana wakidai wameona kwa macho yao. Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja habari za mti, na uongo wao ukafichuka. Lau maneno yao yangeletwa na mtu wa kando, Danieli angemwuliza nani? Naye Bwana wetu, aliposimama mbele ya Pilato, alimwuliza kama neno lile analisema kwa nafsi yake au ameambiwa na wengine. Swali hilo linatuelekea sisi sote tunaohukumu.

Pengine msomaji atatuuliza: je, imani yenu yenyewe si ya kuambiwa? Hoja hiyo ina uzito. Ni kweli, Mtume Paulo anafundisha kwamba imani huja kwa kusikia. Lakini Mitume walisema waliyoyaona na kuyagusa, nao hawakujificha nyuma ya jina la mtu mwingine. Walisimama, wakahojiwa, wakafungwa, na wengi wao wakafa. Uvumi hauna mtu aliye tayari kuufia. Tena imani ile inatualika tumpende jirani, ilhali uvumi hututaka tumhukumu.

Wengine watahofu kwamba kwa kusema hivi tunawafumba wanyonge vinywa. Hasha! Mtoto akimwambia shangazi yake kwamba ametendewa ubaya, shangazi asinyamaze kwa kisingizio kwamba hakuona. Apeleke habari mara moja kwa wenye mamlaka, mtoto alindwe na asikilizwe mwenyewe. Habari ya kuambiwa yatosha kuanzisha uchunguzi. Haitoshi kuumaliza. Kuizima ni dhambi, na kuigeuza hukumu ni dhambi pia.

Tuyakumbuke hayo, kwa maana katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine wakitajwa kwa sababu ya macho yaliyowekunduka kwa moshi wa kuni. Nani aliwaona wakiroga? Hakuna. Kila mmoja alimsikia mwenzake. Watu husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hiyo yafaa kumwonya mtu ajihadhari, haifai kumkata mtu jina lake, sembuse shingo yake.

Tangu kosa letu lile, hapa parokiani tumejiwekea desturi. Anayeleta shtaka huulizwa kwanza: uliona, au uliambiwa? Kama aliambiwa, tunamwomba atuletee aliyemwambia, na anayeshtakiwa huitwa kabla ya barua yoyote kuandikwa. Mashtaka yamepungua mno. Tunaomba kila jumuiya, kila familia na kila baraza la wazee liulize vivyo hivyo juma hili, kabla ya neno la mtu kupita mlango wa pili.

Mama yule bado husali nasi kila Dominika. Hukaa benchi la nyuma.

Mungu awabariki nyote.