Vitanda vya Diani vyahesabiwa, majukwaa yasahauliwa

Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) huchapisha idadi ya vitanda vilivyolaliwa katika hoteli za Pwani. Wanamuziki wanaowatumbuiza wageni hao, kuanzia Diani hadi Msambweni, hawamo katika jedwali hilo.

Upungufu huo si mdogo. Ghasia za Likoni zilipozuka Agosti 1997, watalii waliihama Pwani ya Kusini na bendi zikakosa kazi. Kafyu ya corona nayo, iliyoanza Machi 27, 2020, ilidumu hadi Oktoba 20, 2021: karibu miezi 19 ya muziki wa usiku kubanwa. Hasara ya hoteli ilijadiliwa kwa tarakimu. Ya mpiga gitaa ilibaki malalamiko, na malalamiko hayatengewi fedha katika bajeti.

Hata hivyo, data ipo. Serikali ya Kaunti ya Kwale hutoa vibali vya biashara. Vyama vya hakimiliki hutoza ada kumbi zinazopiga muziki hadharani. Mwanahabari akizipanga orodha hizo mbili juu ya ramani moja, mwaka baada ya mwaka, msomaji ataona ukumbi upi umefungwa, na atauliza ada za uliosalia zamfikia nani.

Lakini sengenya ya Wadigo huchezwa uani penye sherehe, pasipo leseni wala kiingilio. Ramani ya vibali pekee itaonyesha ufuo uking'aa na vijiji vya ndani vikiwa vitupu, ilhali huko ngoma inalia. Huko sharti mtu aende mwenyewe, na daftari mkononi.