Msikate Paa la Babu

Najua kurasa hizi za maoni aghalabu huwa za nidhamu, usafi na chakula cha bweni. Mwaka huu naomba nafasi niseme juu ya jambo lililoitia nyumba yetu mzozo tangu likizo ya Agosti, nalo ni paa la gari.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya viti saba, ile ndefu ya safu tatu. Babu aliiendesha teksi baina ya Malindi na Mombasa tangu zile siku za kungoja feri pale Kilifi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Alipofariki, gari likabaki chini ya mwarobaini, kuku wakataga ndani yake. Sasa mjomba anataka kulifufua, alikodishe kwa maharusi. Hapo sina neno. Shida ni kwamba ameona picha za magari ya Marekani yaliyokatwa paa, yakawa mafupi kwenda juu, madirisha yamekuwa kama macho ya mtu anayesinzia. Basi ameshachora chaki kwenye nguzo zote. Inchi nne zitoke.

Mimi napinga, tena si kwa ushamba. Picha hizo nami nimezitazama mpaka nikazikariri. Mashuhuri kuliko zote ni ya Mercury ya mwaka 1951, ambayo ndugu wawili, Sam na George Barris, waliitengeneza kule California kwa mteja wao Bob Hirohata. Mwaka 2022 iliuzwa mnadani kwa karibu dola milioni 2. Si mchezo! Lakini hebu itazameni sawasawa. Wale mafundi hawakushusha paa wakaenda zao. Walikata nyuma zaidi kuliko mbele ili paa literemke polepole kuelekea kwenye buti. Waliondoa nguzo za kati, wakaishusha bodi nzima karibu na ardhi. Kwani paa likipungua, milango huonekana minene ghafla, boneti huonekana ndefu, na magurudumu huonekana kama ya kuazima. Ukigusa kimoja, vyote vinadai haki yao.

Kisha kuna hesabu, na hapa ndipo mjomba hunikasirikia. Nguzo za gari hazikusimama wima, zimelala. Tuseme nguzo ya mbele na ya nyuma zote zimelala kwa nyuzi 60. Ukishusha paa sentimita 10, ambazo ndizo inchi nne, kila ncha ya paa itakosana na nguzo yake kwa karibu sentimita 6. Yaani paa limekuwa fupi mbele na nyuma. Dawa yake ni kulipasua katikati na kuliongezea bati, au kuzilaza nguzo upya. Vyote viwili vinataka fundi aliyepima kabla ya kuwasha gesi. Vioo je? Vya milango vimepikwa kwa moto vikawa vigumu, na ukivikata vinamwagika punje punje kama chumvi. Na 504 hii haina chesisi ya pekee kama lori. Paa, nguzo na sakafu vimeshikana kuwa kitu kimoja, na nguvu ya gari imo humo humo. Nguzo iliyounganishwa vibaya halafu ikapakwa rangi ya kung'aa ndiyo itakayombeba bibi harusi. Mnaipenda hiyo?

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Paa la makuti hujengwa likiwa na mwinuko mkali ili maji ya mvua yakimbie. Ukililaza kwa kufuata urembo, maji hutuama, makuti huoza, na nyumba huvuja. Umbo lile lina sababu yake. Vivyo hivyo hii Peugeot. Ilipotoka mwaka 1968, umbo lake lilikuwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia, na mwaka 1969 ikatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Ile ya viti saba haikukatwa ovyo kutoka kwa ndogo yake. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yalitenganishwa kwa milimita 2,900 badala ya 2,740, ndipo wale abiria wa safu ya tatu wakapata mahali. Kuna mtu aliyeketi akafikiria magoti ya watu.

Na vichwa vyao pia. Siku mjomba alipotuonyesha ile chaki, nyanya alitoka ukumbini akiwa na mkongojo wake, akatazama kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, sasa mimi nitaingiaje humo? Kwa kutambaa?" Tulicheka sote, isipokuwa mjomba. Lakini ni kweli. Hata bibi harusi, kwa nywele zile na mataji yale, atakaa vipi?

Simlaumu mjomba. Kazi ni haba, na maharusi hapa mjini wanaagiza magari kutoka Mombasa wakati sisi tunalo letu nyumbani. Maoni yangu ni haya: aondoe kutu kwanza, maana hewa ya chumvi imeshakula chini ya milango. Ashushe springi kidogo tu, apake rangi nyeupe, asafishe bampa mpaka zing'ae. Hilo peke yake litalifanya paa lionekane la chini bila kutoa hata inchi moja. Akikataa, basi apige picha ya gari kutoka ubavuni, aichore upya kwenye karatasi ya mraba, na apeleke mabadiliko yakaandikishwe kama sheria inavyotaka, kabla fundi hajaja.

Nimemwandikia barua kumweleza hivyo. Hajajibu. Mama anasema chaki ingali pale kwenye nguzo, na fundi ameambiwa aje Desemba. Shule inafungwa Novemba. Utepe wa kupimia ninao.