Bawa la Ndege Lipimwe Kwanza Ardhini

Mara kwa mara husikika, hapa Afrika Mashariki, habari za kijana au fundi aliyejiundia ndege nyuma ya nyumba yake kwa mabomba ya chuma, mabati na injini ya pikipiki. Habari kama hizo hupokewa kwa namna mbili. Wako wanaocheka, wakisema kwamba ndege ni kazi ya viwanda vya Ulaya na Marekani. Wako pia wanaomsifu fundi huyo kupita kiasi na kumhimiza aruke mara moja. Kwa maoni yangu makundi yote mawili hukosea, na kosa la kundi la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa laweza kumuua mtu.

Kwamba mtu wa kawaida aweza kuunda ndege ndogo ni jambo lisilo na shaka. Nchini Marekani sheria yamruhusu mtu kufanya hivyo kwa ajili ya kujielimisha na kujiburudisha, mradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na waundaji wenyewe na ndege imekaguliwa. Maelfu ya ndege za namna hiyo zimeruka. Swali lililo muhimu ni hili: aliyeunda bawa amejuaje kwamba litamtii akiwa angani?

Tutazame kisa cha Mfaransa Henri Mignet. Mtu huyu alishindwa kuzizoea ndege za kawaida, akaamua kubuni yake ambayo hata asiye rubani hodari angeweza kuirusha. Ndege hiyo, HM.14, iliruka mwaka 1933. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na jingine nyuma, na upana wa bawa la mbele ulikuwa karibu mita 6. Bawa hilo la mbele lilichezacheza kwenye egemeo lake: rubani alipovuta usukani, ukingo wake wa nyuma ulishuka na ndege ikainua pua. Mwaka 1934 Mignet alichapisha kitabu cha kuwafundisha watu kuiunda kwa mbao, kitambaa na gundi. Kitabu kikapendwa mno, na mafundi wengi wa Ufaransa na Uingereza wakaanza kazi katika vibanda vyao. Mwaka 1935 Mignet mwenyewe aliivuka bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza kwa ndege hiyo.

Kisha watu wakaanza kufa. Ndege iliinama, ikashuka kwa kasi, na rubani hakuweza kuiinua tena. Mwaka 1936 ndege kamili za aina hiyo zilifungwa ndani ya mahandaki makubwa ya upepo huko Chalais-Meudon, Ufaransa, na Farnborough, Uingereza, zikapimwa. Sababu ikaonekana. Mabawa yale yalikaribiana mno. Pua ilipoinama sana, rubani alivuta usukani kama alivyofundishwa. Ukingo wa bawa la mbele ukashuka na kulikaribia bawa la nyuma. Upepo uliobanwa katikati yao ukapita kwa kasi na kuongeza nguvu ya kuinua ya bawa la nyuma. Nyuma ya ndege ikazidi kupanda, na pua ikazidi kuinama. Tendo lile lile lililokusudiwa kumwokoa rubani ndilo lililomzuia kuokoka. Ndege hizo zikazuiwa kuruka Uingereza, na miundo ya baadaye ya Mignet ikarekebishwa.

Tusimwite Mignet mjinga. Alikuwa na akili ya kubuni, mikono ya kazi na ushujaa mwingi. Naye aliruka mara nyingi bila kudhurika. Lakini kuruka salama siku ya utulivu si ushahidi kwamba bawa ni salama katika kila mkao. Ushahidi huo hupatikana kwa kipimo, wala si kwa ushujaa.

Walioitambua kanuni hii mapema ni Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli wa mji wa Dayton, Marekani. Tiara zao kubwa za mwaka 1900 na 1901 ziliinuka kwa nguvu ndogo kuliko hesabu zilivyoahidi. Hawakukimbilia kuunda kubwa zaidi. Walitengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa mita 2 hivi, wakaweka feni, na ndani yake wakapima vielelezo vya mabawa vipatavyo 200. Wakagundua kwamba namba moja iliyotumiwa na wataalamu kwa zaidi ya karne, yaani 0.005, ilikuwa kubwa mno. Iliyofaa ilikuwa karibu na 0.0033. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini ikaruka.

Sanduku kama hilo laweza kuundwa katika karakana ya shule yo yote yenye feni na mizani. Wanafunzi na wapime bawa dogo la karatasi ngumu, wakiliinamisha kidogo kidogo kuikabili hewa, na kuchora grafu. Wataona nguvu ya kuinua ikipanda, kisha ikifika mahali ikaanza kushuka. Halafu na waweke mabawa mawili karibu karibu, wapime tena.

Hesabu nazo zisiachwe. Mwanafunzi aliyerusha kielelezo chenye mabawa ya mita 1 asidhani kwamba akikikuza hadi mita 6 kwa vifaa vile vile kitaruka vivyo hivyo. Eneo la mabawa litaongezeka mara 36, bali uzito mara 216. Basi kila sehemu ya bawa itabeba uzito mara 6 kuliko kwanza, na ndege itahitaji kwenda kasi mara mbili na nusu hivi. Tena, bawa la ndege ndogo ya kawaida hutakiwa kustahimili uzito wa ndege mara 3.8, na kuzidi hapo kwa mara 1.5 kabla ya kuvunjika. Kwa ndege ya kilo 300, hiyo ni kilo 1,710. Mifuko ya mchanga iliyopangwa juu ya bawa lililopinduliwa yatosha kulijaribu, na likivunjika hakuna atakayezikwa.

Kwa hiyo, mwalimu akijiwa na mwanafunzi mwenye mchoro wa ndege, asimcheke wala asimpigie makofi. Amwulize, "Umelipima bawa lako?" Kama bado, na waanze kazi hiyo pamoja. Kijana atakayekubali kungoja mpaka vipimo vimjibu, na mpaka wakaguzi wa usafiri wa anga wairidhie kazi yake, huyo ndiye mwanasayansi tunayemhitaji.