Krismasi ya mwanafunzi wa ughaibuni haimo katika bajeti

MSIMU wa Krismasi unapowadia, mabasi yatokayo Nairobi kuelekea Magharibi, Nyanza na eneo la Mlima Kenya hujaa pomoni, nayo nauli hupanda pasipo wa kuuliza. Kila familia huhesabu watu wake. Siku hizi familia nyingi zina mmoja asiyefika: yule aliye chuoni Marekani, Uingereza, Kanada, India au Ufini. Jina lake hutajwa katika maombi kabla ya chakula, simu hupigwa, picha hutumwa, kisha mazungumzo hugeukia mengine. Huaminika kwamba yu salama, na kwamba kutokuwepo kwake ni sehemu ya gharama ya elimu.

Gharama hiyo, hata hivyo, ni nadra kuhesabiwa na mtu yeyote kabla ya safari.

Sababu ya kwanza ya kutokuja ni tiketi ya ndege, na hiyo haihitaji maelezo marefu. Desemba mtalii wa Diani na Mkenya wa Dallas hugombea viti vile vile. Sababu ya pili haijulikani sana na wazazi. Viza ya Marekani ni ruhusa ya kuingia, si ruhusa ya kukaa. Mwanafunzi ambaye viza yake imeisha muda akiwa huko anaweza kuendelea na masomo bila kuvunja sheria, mradi stakabadhi zake nyingine ziwe sawa. Lakini akija nyumbani, hana budi kuomba viza mpya na kuhojiwa upya kabla ya kurejea. Akinyimwa, shahada imekatikia njiani. Wapo wanaokaa miaka minne bila kuuona uso wa mama, si kwa kukosa hamu, bali kwa kuhofia dirisha moja la ubalozi kule Gigiri.

Kisha ipo Desemba yenyewe. Vyuo vingi vya Marekani hufunga mabweni baina ya mihula, kwa muda wa wiki tatu, nne au hata zaidi. Mwenzake wa Ohio hupakia nguo garini akaenda kwao. Mkenya hutakiwa kulipa zaidi ili abaki, au atafute wa kumpokea. Hapa sheria ya uhamiaji ina kinaya chake. Muhula ukiendelea, mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi chuoni kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki. Likizo ikifika, kikomo hicho huondolewa. Lakini kazi aliyoruhusiwa kwa kawaida ni ya ndani ya chuo, na chuo kimefungwa: maktaba haina taa, jikoni hakuna moto. Anafunguliwa mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Uingereza hali ni tofauti kidogo. Huko likizo humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa nyingi zaidi nje ya chuo, na wapo Wakenya wanaowahudumia wakongwe katika makao yao, hasa zamu za sikukuu ambazo wenyeji huzikwepa. Kwao shida huwa ni kufika kazini, kwa sababu tarehe 25 Desemba treni na mabasi ya London hayaendi. Nako Tampere, Ufini, jua la mwezi huo huonekana kwa kama saa tano tu kwa siku. Kijana aliyezoea mapambazuko ya Eldoret huamka gizani na kurudi chumbani gizani.

Kutengana huku si jambo geni. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya iliwapeleka Marekani wanafunzi 81. Wangari Maathai aliondoka mwaka uliofuata, na hakurejea Kenya hadi 1966. Enzi hizo barua ilichukua majuma kufika. Lakini mwanafunzi wa wakati ule alikuwa na nafuu moja: kijiji kilimngoja amalize masomo. Wa leo hangojwi. Simu ile ile inayomletea sauti ya nyanya yake humletea pia karo ya binamu, mabati ya shangazi na mchango wa mbuzi wa sikukuu.

Benki Kuu ya Kenya iliripoti kwamba Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Takwimu hiyo haimtenganishi muuguzi mwenye ajira ya kudumu na mwanafunzi anayelala kwenye kochi la rafiki. Nasi nyumbani hatuwatenganishi. Isitoshe, mwanafunzi huyo aliondoka kwa harambee. Ng'ombe aliuzwa, kanisa likachanga. Atathubutuje kusema kwamba Desemba imemshinda? Hupiga picha kwenye theluji akiwa amevaa koti la kuazima, akaituma.

Sakata ya Uasin Gishu ilitufunza sehemu tu ya somo hili. Kaunti hiyo ilianzisha mwaka 2021 mpango wa kuwapeleka vijana Ufini na Kanada, wazazi wakilipa kupitia akaunti ya kaunti. Mwaka 2023 wazazi waliandamana, baada ya kubainika kuwa karo za wengi hazikuwa zimefika vyuoni, na maafisa wa zamani wakashtakiwa kuhusu zaidi ya Sh1 bilioni, mashtaka waliyoyakana. Mjadala wote ulihusu karo, na ni haki ulihusu. Lakini hata shilingi ya mwisho ingalifika, ni nani aliyekuwa amepanga kijana huyo alale wapi mabweni yakifungwa, au ale nini likizoni?

Kaunti, wafadhili na wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto nje wanapaswa kuandika mwezi huo katika hesabu yao kabla ya kukata tiketi ya kwanza, kama wanavyoandika karo na bima. Balozi zetu, ambazo huwaalika Wakenya kwenye sherehe za Jamhuri Desemba 12, zingeweza kuitumia siku hiyo kuwakutanisha wanafunzi na familia zenye chumba cha ziada. Makanisa ya Wakenya kule Minnesota, Texas na Massachusetts yana watu wa kutosha kwa kazi hiyo. Wanachokosa ni orodha tu, na orodha haigharimu pesa nyingi.

Mzazi naye, akipiga simu Krismasi saa moja jioni, Minneapolis itakuwa saa nne asubuhi. Amuulize kwanza amelala wapi usiku uliopita. Habari za mabati zinaweza kungoja Januari, chuo kikifunguliwa.