Mimba ya kwanza: tusingoje uchungu ndipo tuulize kilo

Siku ya CPN, katika vituo vingi vya afya vya Kivu ya Kusini, mambo huenda hivi: wamama wako kwenye banki, mmoja mmoja anapanda mzani, muuguzi anaandika kilo kwenye fishi, basi. Binti mwenye mimba ya kwanza anarudi nyumbani bila kuelezwa maana ya ile namba.

Lakini ina maana. Mwanamke aliyeingia katika mimba na kilo nyingi kupita kimo chake yuko karibu zaidi na tension, kisukari cha mimba, mtoto mkubwa, uchungu wa kukawia na kupasuliwa. Kwetu ni vigumu kumwambia hivyo, kwani mke akinenepa tunampongeza bwana! Upande mwingine kuna mkimbizi aliyekonda kwa njaa, mwenye upungufu wa damu: akivuja damu wakati wa kuzaa, hana akiba.

Kilo peke yake haitoshi. Mama mfupi sana afuatiliwe. Na msichana wa miaka 15, nyonga zake hazijamaliza kukua. Sheria inayokataza ndoa kabla ya miaka 18 si ya wanasheria tu. Fistula ya uzazi, ambayo waganga wa Panzi wanaishona tangu miaka mingi, hutokana na uchungu uliodumu bila msaada.

OMS inasema kwamba kwa mimba ya kwanza uchungu wenye nguvu, kuanzia njia inapofunguka sentimita 5, kwa kawaida hauzidi masaa 12. Aliye Bukavu mjini anaweza kufika chumba cha operesheni. Lakini aliye Idjwi akingoja mtumbwi usiku? Aliye Bunyakiri juu ya pikipiki, mvua ikinyesha? Na bado kuna familia zinazopoteza masaa zikimlazimisha binti aungame alitembea na nani.

Ni kweli, wengi wenye alama hizi huzaa salama, na matatizo huwapata hata wasio nazo. Ndiyo sababu kila mimba ya kwanza ipangiwe mahali pa kuzalia mapema, si usiku wa uchungu. Muuguzi amwambie mama waziwazi kabla ya mwezi wa nane, ili familia itafute pesa na jamaa wa kumpokea karibu na hospitali. Na bwana aende naye CPN ijayo, aulize: tension ni ngapi, na atazalia wapi?