Kuingia si Kusoma

Msomaji kijana, hapana shaka umekwisha kusikia watu wakisema ya kuwa siku hizi chuo hakifuatwi, bali chenyewe humfuata mwanafunzi nyumbani kwake. Husemwa kwamba mtu aweza kukaa Lodwar, Lamu au Busia, akafungua simu yake, akajiandikisha katika kozi, akasikiliza mihadhara, akafanya majaribio, na mwishowe akapata shahada pasipo kupanda basi. Maneno hayo ni kweli. Lakini nyuma ya kweli hiyo hufuatishwa uongo mtamu, nao ndio ulionifanya nishike kalamu. Vijana huambiwa kuwa masomo ya mtandaoni ni mepesi, kuwa ni ya kufanywa mtu apatapo nafasi, na kuwa aliyekwisha kujiandikisha amekwisha kuanza kusoma. Naupinga uongo huo, na nakuomba uupinge pamoja nami kabla hujalipa ada ya kwanza.

Wako pia wanaokosea kwa upande wa pili. Hao huitazama elimu ya mbali kwa dharau, wakaiita kimbilio la walioshindwa. Sitapoteza wino mwingi juu yao. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwaruhusu watu wasiosoma ndani ya kuta zake kuifanya mitihani yake. Nelson Mandela alisoma sheria kwa njia ya posta akiwa mfungwa, akapewa shahada na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, angali kifungoni. Hapa kwetu, kitengo cha masomo ya posta na redio kilianzishwa Kikuyu mwaka 1967, na walimu wa shule za msingi wakajipandisha daraja kwa njia hiyo, wakisoma usiku baada ya kazi ya kutwa. Jirani zetu waliunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya mwaka 1992, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwaka 2023. Awaitaye watu hao walioshindwa na atuonyeshe kwanza shahada aliyoipata yeye gerezani.

Basi turudi kwa wale wa kwanza, maana hao ndio wa kuogopwa.

Chuo cha mtandaoni huendeshwa ndani ya mfumo wa masomo, yaani programu ikusanyayo mahali pamoja mambo ambayo katika shule yako yametawanyika: ubao wa matangazo, kabati la vitabu, daftari la mahudhurio, sanduku la kukusanyia kazi, na orodha ya alama. Mwanafunzi hupewa jina la kuingilia na nenosiri, akafika ukurasa wa kozi yake, akakuta masomo yamepangwa juma kwa juma. Mfumo mmoja utumiwao sana na vyuo vikuu, vya kwetu vikiwamo, ni Moodle. Aliyeubuni, Martin Dougiamas, alikulia katika jangwa la Australia ya Magharibi, akasomeshwa kwa redio na mwalimu aliyekuwa mbali. Toleo la kwanza la mfumo wake lilitoka mwaka 2002. Sioni ajabu kwamba mtu wa malezi hayo ndiye aliyemfikiria mwanafunzi aliye peke yake.

Walakini tazama mfumo huo hufanya nini. Ukifungua ukurasa, huandika kuwa umeufungua. Ukiiacha video ikisema peke yake huku wewe wasonga ugali, huandika kuwa video imekwisha. Huweka alama ya vema mbele ya somo, nawe ukafurahi. Alama ile yasema umepita hapo, haisemi umeelewa. Mwalimu wa darasani akiona macho yako yanapotea hukuuliza swali, ukaona haya, ukaamka. Mfumo haujui haya zako. Waweza kuingia kila siku kwa muda wa miezi mitatu, ukahesabiwa kuwa mwanafunzi mwema wa mahudhurio, na siku ya mtihani ukajikuta huna neno hata moja kichwani.

Wataka ushahidi? Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la Science hesabu ya kozi za mtandaoni za Harvard na MIT. Katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa 3 na kidogo tu. Mtetezi atasema kuwa kujiandikisha kulikuwa bure, na kwamba wengi walichungulia kama mtu apitaye dukani asiye na haja ya kununua. Nakubali. Lakini hata miongoni mwa wale waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa 46 kati ya 100. Zaidi ya nusu walitoa fedha zao kisha wakaondoka mikono mitupu. Je, wote walikuwa wajinga? La hasha! Nionavyo mimi, wengi walikuwa watu wa kawaida walioahidiwa kusoma wapatapo nafasi, na nafasi haikupatikana.

Shuleni saa zako hutunzwa na kengele. Mtandaoni kengele ni wewe mwenyewe. Ikiwa kozi yasema kwamba yataka saa 6 kwa juma, kaa chini na uonyeshe kidoleni saa hizo zitatoka wapi: Jumanne jioni, Alhamisi jioni, na Jumamosi asubuhi kabla ya shamba au soko. Kisha uwaambie watu wa nyumbani. Mama akuonaye umeinamia simu hawezi kujua kama wasoma au wacheza, na akikutuma maji hana kosa, kwa kuwa hukumwambia kuwa uko darasani. Nimeona vijana wakiomba simu mpya wapate kuanza masomo, kumbe kilichopungua ni mapatano na mama yao.

Nami sisemi kama mtu asiyewahi kuanguka. Miaka kadhaa iliyopita nilijiandikisha katika kozi ya chuo kimoja cha ng'ambo. Kazi ya tatu ilitakiwa ifike Ijumaa, 12:00 AM. Nikasoma, nikatafsiri moyoni: Ijumaa, saa sita usiku. Nikapanga kuikamilisha Ijumaa baada ya chakula cha jioni. Ijumaa asubuhi nilipofungua mfumo nikakuta sanduku limefungwa na mahali pa alama pana sifuri. Saa sita ile ilikuwa ya usiku wa kuamkia Ijumaa, nami nikaidhania kuwa ya kuamkia Jumamosi. Ajabu ni kuwa lugha yangu mwenyewe ina maneno ya kuutaja usiku ule pasipo kosa, nami sikuyatumia. Nilimwandikia mwalimu barua ndefu ya malalamiko; akanijibu kwa mistari miwili ya upole kuwa tarehe ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Nikakasirika, nikaiacha kozi, na ada yangu ikabaki huko.

Kwa hiyo sikia kwa makini habari ya saa, maana Mswahili ana mtego wake hapa. Mfumo ukisema 11:59 PM, hiyo ni saa 5:59 usiku kwetu, si saa sita na zaidi. Na saa hiyo ni ya nchi gani? Vyuo vingine hufuata saa ya dunia, iitwayo UTC, nayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Basi 11:59 PM yao ni saa 8:59 usiku hapa Kenya. Chuo cha New York kiko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto, na kwa sababu hiyo mwisho uleule utaangukia saa 1:59 au saa 12:59 asubuhi ya siku ifuatayo. Katika ukurasa wa habari zako ndani ya mfumo kwa kawaida pana mahali pa kuchagua saa za mji. Chagua Nairobi siku ya kwanza. Kisha chukua daftari la karatasi, uandike ndani yake tarehe za kazi zote za kozi nzima kwa saa ya kwetu, pamoja na alama ambazo kila kazi yabeba. Fanya hivyo kabla hujasoma somo la kwanza. Muhtasari wa kozi ndio ukurasa unaorukwa kuliko kurasa zote, nao ndio ambao ungeliniokoa mimi.

Yako na mengine madogo ambayo gharama yake ni kubwa. Usiandike jibu refu moja kwa moja katika kisanduku cha mfumo. Umeme ukizimika au mfumo ukikutoa, kazi ya saa mbili hupotea kama moshi. Liandike kwanza mahali pako, ulihifadhi, ndipo ulinakili. Ukikwisha kutuma, ngoja mpaka uone maneno ya kuthibitisha kuwa kazi imepokewa, kisha ulifungue faili lile ulilotuma na kulitazama, kwa kuwa si mara moja mwanafunzi ametuma barua ya kuomba kazi badala ya insha yake. Usifanye jaribio lenye muda maalumu kwa simu yenye betri nusu.

Lililo kubwa kuliko hayo ni kuuliza. Katika kila kozi pana ukurasa wa majadiliano, na kila nionapo ukurasa huo hukuta watu wachache wanasema na umati umenyamaza. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai. Darasani mwenzako aweza kuuliza kwa niaba yako. Huku, usipouliza, hakuna atakayejua hata kama upo. Lakini uliza kama msomi. Usiandike kuwa huelewi, ukaishia hapo. Sema ni somo la juma gani, ni hatua ipi, ulijaribu nini, na ulipata jibu gani. Swali la namna hiyo hujibiwa upesi, na mara nyingi, ukiwa katika kuliandika, utaliona jibu wewe mwenyewe.

Sasa nafika pabaya, na ningelipenda nisifike. Kwa kuwa mfumo hautambui uso, wako watu hapa kwetu ambao kazi yao ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, na wengine huchukua jina na nenosiri la mwanafunzi wakamsomea kozi nzima. Magazeti ya kigeni yameiandika habari hiyo zaidi ya mara moja, na jina la Kenya likatajwa. Wafanyao hivyo husema ni kazi kama kazi nyingine, kwamba ajira hakuna, na kwamba anayedanganya ni yule mteja. Siwezi kuikubali hoja hiyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 imeifanya biashara ya kuwaandikia wanafunzi kazi zao kuwa kosa la jinai huko England. Lakini hata pasingekuwa na sheria, fikiri: kijana wetu mwenye akili ya kupata alama za juu katika chuo cha kigeni auza akili hiyo kwa jina la mtu mwingine, na asubuhi yeye hana cheti wala jina. Ukiombwa kushiriki katika jambo hilo, kataa. Na ukishawishika kumlipa mtu akusomee wewe, au kuiachia mashine iliyofundishwa kuandika ikutungie majibu, jua kuwa umelipa ada ili mwingine aelimike, tena mashine haielimiki.

Najua liko jibu lililo kinywani mwako. Utasema: hayo ni maneno ya mtu mwenye umeme na mtandao. Sikatai. Shule zilipofungwa Machi 2020, madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021, na katika miezi hiyo tuliona wazi ni watoto wa nani waliosoma na ni wa nani waliokaa. Uonevu huo ni wa kweli, na serikali haina budi kuulizwa juu yake kila siku. Lakini usikubali ukufunge mikono kupita kiasi. Maandishi hula data kidogo sana. Video ndiyo mlaji. Programu ya simu ya Moodle yaweza kuyashusha masomo ya juma zima ukiwa mahali penye mtandao, mathalani maktaba, ukayasoma nyumbani pasipo mtandao wowote.

Lawama nyingine ni ya vyuo vyenyewe. Chuo kinachorundika mafaili 40 ndani ya mfumo, na mwalimu wake asijibu swali kwa muda wa mwezi, hakifundishi mtu, kimefungua ghala. Kwa hiyo kabla hujalipa, tazama kwanza kama chuo hicho na shahada yake vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kisha waandikie wenyewe uwaulize: Nani atanifundisha? Swali langu litajibiwa baada ya siku ngapi? Mtihani wa mwisho utafanyiwa wapi? Masomo yaweza kushushwa na kusomwa pasipo mtandao? Wakikujibu swali kwa swali, endelea nao. Wakikujibu kwa picha ya kijana anayecheka, mwenye kompyuta mapajani, funga ukurasa huo na uzirudishe fedha za mzazi wako mahali zilipotoka.