Fizi na Baraka: Mtoto ameandikishwa, lakini darasani hayupo

Tangu Septemba 2019, masomo ya shule ya msingi ni bure katika shule za serikali za DR Congo. Katiba ya Februari 2006 ilikuwa imeahidi jambo hilo katika kifungu cha 43, lakini ilipita miaka 13 kabla ya serikali ya rais Félix Tshisekedi kuanza kulitekeleza. Wazazi walioshindwa kulipa primu ya mwalimu kila mwezi walileta watoto wao, na madarasa yakajaa. Kujaza daftari la Septemba ni kitu kimoja. Kumkuta mtoto yuleyule kwenye benchi mwezi wa Februari ni kitu kingine.

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo viongozi hutoa wito kwa wazazi: pelekeni watoto shuleni. Si wito mbaya, ila unamlenga ambaye si mkosaji mkubwa. Mama anayeuza mihogo sokoni Baraka haitaji kufundishwa faida ya kusoma. Swali lake ni kama mwalimu atakuwepo, na kama kweli hakuna atakachodaiwa.

Hapo ndipo penye tatizo. Zamani mwalimu aliishi kwa pesa za wazazi. Serikali ilizikataza, lakini haikuwaingiza walimu wote kwenye orodha ya malipo. Wale wanaoitwa N.U., yaani walimu wapya ambao hawajaanza kulipwa, wanafundisha bila mshahara wakingoja jina lipite Kinshasa. Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia elimu bure nchini, lakini mwalimu ambaye hajaingia kwenye orodha hiyo haoni kitu. Analima, anavua, au anaendesha pikipiki, na siku hizo darasa halina mtu. Au kamati ya wazazi inakubaliana mchango mdogo, unaopewa jina lingine. Mara nyingi hakuna haja ya kumfukuza asiyelipa. Mtoto mwenyewe anaona haya, anabaki nyumbani.

Hata anayelipwa hajaridhika. Septemba 2024 walimu wa shule za serikali waligoma katika majimbo kadhaa, Kivu Kusini ikiwemo, wakidai mshahara wa dola 500. Watoto walianza mwaka kwa kurudi nyumbani.

Shule inaposimama namna hiyo, kazi inamchukua mtoto haraka. Upande wa Ngandja, kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi na Lubichako, mtoto anayebeba mawe, kuosha mchanga au kuuza maji anarudi jioni na franka mkononi. Kando ya ziwa, mitumbwi iliyovua usiku inarudi asubuhi, saa ileile ya kengele, na mikono midogo inahitajika kwenye nyavu na kuanika ndagaa. Wavuvi wa taa hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Anayechunguza mahudhurio ya shule za pwani angeangalia mwezi kabla ya kulaumu wazazi. Mashambani, mvua za kwanza na msimu wa kupanda huja wakati mwaka wa masomo ndiyo kwanza unaanza.

Juu ya hayo kuna vita na maji. Lusenda na Mulongwe zinahifadhi wakimbizi wa Burundi waliokimbia tangu 2015. Familia za milima ya Minembwe na Itombwe zimehama mara nyingi, na baada ya Bukavu kuanguka Februari 2025 hali ya jimbo zima ilizidi kuwa ngumu. Wakimbizi wakifika usiku, darasa ndilo chumba cha kwanza kufunguliwa. Mei 2025 mafuriko ya Kasaba, kando ya Tanganyika, yaliua watu zaidi ya 100. Baada ya msiba kama huo, kuuliza yunifomu ni ukatili.

Kwa wasichana mlango unafungwa mara ya pili. Elimu bure inaishia shule ya msingi, sekondari inalipiwa, na familia yenye pesa ya mtoto mmoja mara nyingi humchagua mvulana.

Majirani walipitia njia hii. Kenya ilipofuta karo ya msingi mwaka 2003, wanafunzi walipanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2, na walimu wakalemewa. Tofauti ni kwamba huko mwalimu wa serikali alikuwa na mshahara wake. Hakumtegemea mzazi ili ale.

Chakula cha mchana shuleni kingesaidia, hasa Misisi, kwa kuwa kinashindana na franka ya siku. Ratiba inayofuata msimu wa kupanda pia. Lakini chakula hakifundishi. Bajeti ya elimu itakaporudi bungeni, wabunge wa Fizi wamwulize waziri wa elimu hadharani: ni walimu wangapi wa Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja ambao bado hawajaanza kulipwa, na wataanza kulipwa mwezi gani?